Kila wimbo ninaoupiga, wanasema nawasema

Shikamoo Anti,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 37, naishi Mbagala kwenye nyumba ya ukweni pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Nashonea kibarazani, mbele ya nyumba: madera, sare za shule, na nguo za watu za kupunguza na kuachia. Tatizo langu ukilisikia utaliona la kitoto, lakini humu ndani limeshafika pabaya. Ni nyimbo.

Nimezaliwa na kukulia Songea. Nikiwa sekondari, mwaka 2003 mpaka 2006, nilikuwa mtu wa Bongo Fleva hasa. Nilikuwa na kaunta buku nimenakili mistari ya Professor Jay na Juma Nature mwanzo mwisho. Kaseti tulikuwa tunairudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe, tunasikiliza mstari huohuo mpaka tuunase. Lady Jaydee nilikuwa namwimba nikifua. Redio ikipiga taarab tunahama stesheni. Tuliona ni muziki wa wanawake wa pwani wa kusutana. Nilipoolewa mwaka 2012 nikaletwa huku Dar, majirani walikuwa wanafungulia rusha roho tangu asubuhi, mimi nafunga dirisha.

Sasa Anti, kama mwaka na nusu hivi umepita, sikio limegeuka. Nilianza kwa kuitikia kiitikio cha redio ya jirani bila kujijua. Baadaye nikaenda mwenyewe kwa kijana anayeingiza nyimbo pale stendi, nikamwambia anijazie flashi nzima, mipasho mitupu. Zile Bongo Fleva zangu za zamani nikizipiga bado nazijua kwa moyo, ila hazinigusi tena.

Na kazi imebadilika. Wimbo mmoja wa rusha roho unapita dakika kumi. Nikianza nao kwenye mabega ya dera, unaisha nikiwa kwenye pindo. Mguu kwenye kanyagio unakwenda na ngoma, sichoki wala siangalii saa. Wateja nao wameongezeka. Mwanamke anapita zake, anasikia, anaingia kukaa kwenye benchi. Aliyekuja kupunguza kiuno anaondoka ameacha na kitambaa kipya.

Shida ni watu wa ndani. Mume wangu ana miaka 45, anaendesha bajaji yake mwenyewe, na humo kwenye bajaji ni bendi za dansi, Sikinde na Msondo, kutwa nzima. Zamani tulikuwa tunataniana tu, yeye na wazee wake, mimi na wahuni wangu. Lakini tangu niingie kwenye taarab, kila wimbo anauliza, "Huu unamwambia nani?" Nikimjibu naburudika tu, anasema mwanamke hapigi taarab bure. Kuna jioni alirudi akakuta unapigwa wimbo wa mwanaume mwenye ahadi nyingi na vitendo haba. Hakula.

Wifi yangu ndiyo usiseme. Aliachika, akarudi hapa kwao mwaka jana mara tu baada ya Idi. Mimi sina neno naye. Ila juzi alikuwa anaanika nguo uani, na mimi nilikuwa nimesimamisha cherehani nabadilisha sindano. Wimbo ukafika pale wanapomsema mwanamke asiyekalika kwa mume. Nikaongeza sauti kidogo, maana mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inaunguruma. Wifi akaacha nguo kwenye beseni, akaingia ndani, na muda si muda naye kafungulia sabufa, kapiga wimbo wa mke anayejifanya mwenye nyumba wakati nyumba ina wenyewe. Mama mkwe yuko katikati, kashika kichwa. Wapangaji wa nyuma wakatoka na viti kabisa, wakakaa kusikiliza. Tangu hapo ndiyo mtindo, mimi nikipiga naye anajibu. Na binti yangu wa kidato cha pili, yeye na amapiano zake, ananiambia, "Mama, taarab ni dalili ya uzee."

Nikueleze na jambo jingine usije ukasema nimeficha. Tulipovunja kikoba nilimpa mume wangu hela yangu anitunzie, ya kununulia mashine ya ovaloki, kwa sababu mpaka leo nguo nikishona napeleka kwa fundi mwenzangu zikapigwe ovaloki na nalipia kila moja. Wifi aliporudi, mume wangu akachukua hela ile akampa mtaji wa kuuza vitenge. Mimi nikaambiwa baadaye. Hilo nilishasamehe, halina uhusiano na barua hii.

Mwezi ujao kuna harusi ya binamu yao Kisarawe na kikundi cha taarab kitakuja. Wifi ameniletea kitambaa nimshonee dera la siku hiyo, na la Idi bado hajanilipa. Mume wangu naye ametangaza kwamba nikiinuka kwenda kutunza, nitafute usafiri mwingine wa kurudi.

Anti, ni kawaida mtu mzima kugeuka sikio namna hii? Niache muziki ninaoupenda ili nyumba itulie? Na huko harusini nifanyeje?

Fundi wa Kibarazani, Mbagala

*

Marahaba mwanangu,

Uniwie radhi, pale wapangaji walipotoka na viti nimecheka mpaka nikaiweka barua pembeni. Sasa nimetulia.

Tuanze na sikio, maana hilo ni jepesi. Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Morris Holbrook na Robert Schindler, waliwasikilizisha watu wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo zilizovuma kati ya mwaka 1932 na 1986. Wakakuta kwamba watu huelekea kuzipenda zaidi zile zilizovuma wao wakiwa na miaka kama 23 na nusu. Mimi umri huo ulinikuta enzi Sikinde na Msondo, wakati huo ikiitwa JUWATA Jazz, zinagawana jiji, kwa hiyo kuna mahali nitamtetea mumeo, ujiandae. Wewe je? Piga hesabu. Miaka 23 na nusu ndiyo uliyokuwa nayo ulipoletwa Mbagala ukafunga dirisha. Na wewe unaijua Mbagala, dirisha la huko halizuii kitu. Rusha roho ulikuwa unaisikia kila siku katika umri uleule ambao sikio linashika, ila ulikuwa hujaikaribisha.

Lakini huo ni wastani tu, usikufunge. Mumeo mwenyewe anaupinga: Sikinde ilianzishwa mwaka 1978, yeye hajazaliwa. Dansi ameikuta kwa wakubwa zake akaikalia kama mali ya urithi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwa hiyo ndiyo, ni kawaida. Mtu anahamia mtaa mwingine, anaolewa, anazaa, anaanza kazi ya kukaa kutwa nzima peke yake na mashine, na sikio nalo linahama. Binti yako mwambie asubiri.

Sasa tuje kwenye neno la mumeo, kwamba mwanamke hapigi taarab bure. Ulitaka nimkatalie. Siwezi, maana ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni kubwa.

Sikiliza tofauti ya muziki wake na wako. Dansi husimulia kisa. Kuna fulani alioa, akafilisika, rafiki akamsaliti, na wewe msikilizaji umekaa pembeni unamhurumia. Rusha roho haina fulani. Inasema "wewe". Wewe unayenichukia, wewe uliyedhani nitaanguka, wewe unayekula cha mwenzako. Na huyo "wewe" hana jina, kwa hiyo kiti chake kiko wazi, anakikalia yeyote aliye karibu na spika. Hapo kwenu walio karibu na spika ni mume, wifi na mama mkwe.

Wala halikuanza leo. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiuza vyungu akaja kuwa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, alikuwa anaimba mambo ya mjini kwake Unguja, na watu wa mtaa wa Ng'ambo walikuwa wanajua anayesemwa ni nani. Kuna wimbo wake wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni akatoroka, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakafungwa. Mahakama imeshaamua, wimbo nao ukaamua vingine. Hiyo ni kazi moja ya taarab, tena ya heshima kubwa.

Halafu ikaja miaka ya 1990 hapa Dar. Vinanda vya umeme na gitaa la besi vikashika nafasi ya fidla na ganuni, watu wakaacha kukaa kwenye viti wakaanza kucheza, na mipasho ikawa ndiyo biashara. Kikundi cha TOT kilikuwa na Khadija Kopa, kikundi cha Muungano kilikuwa na Nasma Khamis, aliyeitwa Kidogo, na wimbo wa huku ulikuwa unajibiwa na wimbo wa kule. Watu tulikuwa tunangoja majibu kama tunavyongoja matokeo ya Simba na Yanga. Ukumbini ilikuwa hivi: mwanamke anakaa anasubiri ubeti wake, ukifika anainuka na noti mkononi, anakwenda kwa mwimbaji taratibu anacheza, na njiani anahakikisha anapita mbele ya meza ya mtu fulani, bila kumtazama hata kidogo. Neno hajasema. Ukumbi mzima umeshaelewa.

Uzuri wa mchezo huo ni kwamba unaweza kuukana. Ni sawa na kanga: umeivaa na maneno yake yako mgongoni, mtu akikasirika unamwambia nimependa rangi. Kwa hiyo unapomjibu mumeo "naburudika tu", mwanangu, umempa jibu la kila mwanamke aliyewahi kupiga mpasho tangu taarab ifike uswahilini. Yeye amekulia Mbagala. Jibu hilo amelisikia kwa shangazi zake.

Naomba urudi kuisoma barua yako kama imeandikwa na mtu mwingine. Juu umeniambia sikio limegeuka kama mwaka na nusu uliopita. Chini umeniambia wifi alirudi mwaka jana baada ya Idi, ambayo ukihesabu inaangukia hapohapo. Umeniambia uliongeza sauti kwa sababu ya mashine ya kusaga, lakini mashine ya kusaga haikuanza kuunguruma ulipofika ubeti ule. Isitoshe cherehani ilikuwa imesimama, pametulia kuliko dakika zote za siku hiyo. Na kutunga uzi kwenye sindano mpya ni kazi ya macho. Mkono ulikwenda kwenye spika kufuata nini?

Halafu ovaloki. Umesema haina uhusiano na barua hii, na ni jambo pekee ulilolieleza bila kuulizwa.

Usinielewe vibaya. Sisemi unaipenda taarab kwa uongo. Mguu hauendi na ngoma kwa uongo kutwa nzima. Nasema muziki huu ulikuwepo dirishani kwako miaka yote, na siku uliyokuwa na neno usiloweza kulisema ndiyo siku uliyoufungulia. Professor Jay na Juma Nature walikusemea mengi ukiwa Songea, ila hawakuwa na ubeti kwa mwanamke ambaye hela yake ya kikoba imegawiwa kabla hajaulizwa. Rusha roho wanazo beti hizo tele.

Kwa hiyo dai hela yako. Kwa mdomo.

Chagua siku ambayo bajaji imelala au iko kwa fundi, watoto hawapo, redio imezimwa. Usianze na dada yake, ukianza naye atamtetea na mazungumzo yataishia hapo. Mwambie: "Ile hela ya kikoba niliyokupa unitunzie, nataka tupange itarudi lini." Kisha unyamaze. Nakuona tangu huku utataka kujaza kimya hicho kwa maneno, usijaze. Mwekee daftari mezani: mwezi uliopita umeshona nguo ngapi, na kila moja umelipia kiasi gani kwa fundi mwenzako kuipiga ovaloki. Mwanaume anayeishi kwa hesabu za bajaji anaelewa lugha hiyo haraka kuliko machozi. Ombeni kiasi kidogo kidogo kwa tarehe inayojulikana, kila Jumamosi kwa mfano, kiingie kwenye kikoba kwa jina lako, kisipitie mkononi kwake.

Katikati ya mazungumzo hayo atakuuliza, "Kumbe ndiyo maana unapiga zile nyimbo?" Mwambie ndiyo. Usimwambie naburudika tu, sio siku hiyo. Mtu aliyesusa chakula kwa sababu ya wimbo wa ahadi anajua anadaiwa, ila amekuwa akidaiwa na spika, na spika huwezi kukaa nayo ukapanga. Ndio utetezi wangu kwake: amewekwa mahali ambapo akijibu ataonekana anagombana na redio.

Halafu huyo wifi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Wifi yako hakuichukua hela yako, alipewa, na huenda hajui ilitoka wapi. Mwanamke aliyerudi kwao na mabegi yake, anayeanika nguo kwenye kamba ya mama yake akiwa mtu mzima, halafu unamwongezea sauti kwenye ubeti wa asiyekalika kwa mume! Huo ubeti ulikuwa na mwenyewe, na wewe ulijua. Naye alichokujibu, kwamba nyumba ina wenyewe, kimekuuma kwa sababu ni kweli unaishi ukweni. Mmeshachomana mlipokuwa mnataka kuchomana, sasa yatosha.

Nenda ukamwone. Usiende na maelezo ya mashine ya kusaga. Mwambie ule ubeti haukuwa wa haki. Akikuuliza hasira ilitoka wapi, mweleze habari ya hela, kwa upole, ila ukishazungumza na kaka yake kwanza, isije ikawa ndiye wa kwanza kuisikia. Na mkimaliza hayo mtazamane muone mnavyochekesha: mmoja anauza vitenge, mwingine anashona, mnaishi nyumba moja, na mnawasiliana kwa sabufa. Mteja anayekaa kwenye benchi lako akisubiri kuvutwa na wimbo aache kitambaa, kwa nini asikinunue hapohapo kwa wifi yako? Wekeni meza yake kibarazani. Vitenge vikitoka, hata kurudisha kile kilichochukuliwa kunakuwa karibu zaidi.

Kuacha muziki usiache. Ukiacha kwa amri utawanunia, na nyumba haitatulia, itakuwa kimya tu. Lakini tutengeneze utaratibu. Mipasho ipigwe mchana, wateja wakiwepo, mume yuko barabarani, kwa sauti inayoishia kibarazani. Na kuna jambo moja nakuomba ulishike: ukishaweka sauti mwanzo wa wimbo, mkono usirudi kwenye spika mpaka wimbo uishe. Usiongeze, usipunguze, usirudishe ubeti nyuma. Wimbo ukipita wenyewe mtu anaweza kuuacha upite. Ukiuongeza katikati, umeshatia sahihi.

Jioni, watu wakirudi, mwambie kijana wa stendi akujazie flashi ya pili. Mwulize taarab asilia. Unguja kuna Nadi Ikhwan Safaa, wapo tangu mwaka 1905, na kuna Culture Musical Club, tangu 1958. Humo utakuta udi, ganuni, fidla nyingi kwa pamoja, na mashairi ya mapenzi yaliyofichwa mpaka uyafumbue. Mashairi hayo huwezi kuyasikia kwa kelele, kwa hiyo sauti itashuka yenyewe. Mumeo, kwa namna ninavyowajua wapenzi wa dansi, ana masikio ya vyombo. Sikinde hawapendwi kwa maneno peke yake, zile gitaa zinavyojibizana ndizo zinazomshika mtu. Mwache asikilize ganuni na fidla zinavyoitikiana, bila kumwambia hii ni taarab. Atauliza mwenyewe. Wewe nawe siku moja moja panda bajaji umwambie asibadilishe, akueleze huo wimbo wa Msondo ni kisa cha nani. Kuoana na mtu ambaye muziki wake huujui hata mwenyewe sioni raha yake.

Mama mkwe usimsahau. Mwulize harusini kwake walipigiwa nini. Akishaanza kusimulia hatashika kichwa tena, na wifi yako atakuja kusikiliza.

Twende Kisarawe. Kwanza hakikisha mazungumzo ya hela yamefanyika kabla ya siku hiyo, kwa sababu ukienda ukumbini na neno kifuani, ubeti utakuinua tu, hata nikuandikie barua kumi. Yakishafanyika, mwambie mumeo waziwazi kwamba utatunza, na utatunza wimbo gani: ule wa kumsifu bibi harusi, mwanzoni, kabla mipasho haijaanza. Nyanyuka na wifi yako. Mpe noti moja mkononi, wewe ushike moja, mwende pamoja mbele ya ndugu zake wote. Wanaowajua kwa ule ugomvi wa spika watageuza shingo, acha wageuze. Ikifika zamu ya vijembe, kaa. Kama miguu inakataa kukaa, cheza papo hapo ulipo, macho kwa mwimbaji, noti kwenye pochi, na usipite mbele ya meza ya mtu.

Na dera lake mshonee vizuri kuliko unavyowashonea wateja, shingo aitakayo, marinda ya mkono yakae sawasawa. Bei mtajie ileile unayowatajia wengine, ukijumlisha na la Idi, akulipe kabla hajalivaa.